Ushahidi wa Damu

Watu wa kale walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Msemo huu ni wa kweli, lakini kila mkulima ajua kuwa ukweli wake hautoshi. Mawingu mengi hupita juu ya shamba bila ya kuangusha hata tone. Mkulima aonaye wingu la kwanza akatia mbegu zake zote ardhini huenda akazipoteza kwa jua. Na yule angojaye mpaka mvua imloweshe mwilini ndipo atafute jembe huenda akakosa msimu. Wote wawili wana macho, na wote wawili wameliona wingu lile lile. Hitilafu yao haimo katika kuona, bali imo katika uzito ambao kila mmoja ameupa alichokiona.

Jambo lililo hivi katika kilimo li hivyo hivyo katika uganga wa maradhi, isipokuwa kwamba katika uganga mbegu ni maisha ya mtu. Ikiwa dalili ya ugonjwa imeonekana katika mwili wa mtu asiyejisikia kuumwa, na ikiwa dalili hiyo si hakika, je, ni wema kumwambia au ni wema kumnyamazia? Na kama dalili ilikuwa ya uwongo, ni nani abebe mzigo wa uwongo ule? Maswali haya ni ya zamani, lakini yamepata nguvu mpya tangu wataalamu walipoanza kutafuta habari za maradhi katika protini ndogo zilizomo katika damu ya binadamu.

Damu ikitolewa mshipani na kuachwa katika kichupa, baada ya muda huganda. Donge hushuka chini, na juu yake hubaki maji yenye rangi ya manjano hafifu. Maji hayo ndiyo yaitwayo seramu. Katika lita moja ya seramu ya mtu mzima mwenye afya mna gramu 60 hadi 80 za protini, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni protini moja tu, albumini. Protini 22 zilizo nyingi kupita zote zachukua kiasi cha sehemu 99 katika kila sehemu 100 za uzito wote. Maelfu ya nyingine zagawana ile sehemu moja iliyosalia. Wingi wa albumini ukilinganishwa na wingi wa protini adimu zinazoweza kupimwa, tofauti yao ni zaidi ya mara 10,000,000,000. Kuitafuta protini moja ya namna hiyo ni kama kumtafuta mtu mmoja, ambaye jina lake halijulikani, miongoni mwa watu wa dunia nzima.

Tena si kazi bure. Damu hupita katika kila kiungo, huosha kila nyama ya mwili, na haitoki mikono mitupu. Kila kiungo humwaga ndani yake vipande vya protini vilivyokatika, vilivyozidi au vilivyoharibika. Ikiwa uvimbe wa saratani umeanza kuota mahali palipofichika, yafaa kudhani kuwa utamwaga kitu ambacho nyama yenye afya haikimwagi, au utakimwaga kwa kiasi kingine. Kwa hiyo matumaini ya wataalamu hayakuwa ndoto ya walevi. Walitumaini kuwa tone la damu litakuwa shahidi wa mambo yaliyotendeka gizani.

Matumaini hayo yalikuwa na wazee wake. Mwaka 1847 tabibu wa London, Henry Bence Jones, alieleza habari za kitu cha ajabu katika mkojo wa mtu ambaye mifupa yake ilikuwa imelainika. Kitu hicho kiliyeyuka mkojo ulipochemshwa, na kikaonekana tena ulipopoa. Baadaye ilijulikana kuwa ni sehemu ndogo ya protini za kinga, inayotengenezwa kwa wingi na saratani ya uboho. Zaidi ya miaka mia moja ilipita, na huko New York Rosalyn Yalow na Solomon Berson wakavumbua njia ya kupima insulini katika damu. Insulini ni protini ndogo sana, yenye asidi amino 51 tu, na kiasi chake katika damu ni kidogo mno. Yalow alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1972.

Katika habari ya Bence Jones kuna jambo moja la kutazamwa vema. Mgonjwa ndiye aliyeutangulia uchunguzi. Mifupa ilikuwa imekwisha kuuma, mwili umekwisha kudhoofika, na tabibu alikuwa akitafuta jina la mateso yaliyokwisha kuwako. Dalili ilijibu swali la mtu aliyeuliza. Lakini tamaa ya zama za baadaye ilikuwa kubwa zaidi: kwamba mtu asiyeuliza kitu, anayekwenda sokoni na kurudi kwake kwa furaha, aitwe, atolewe damu, na aambiwe yaliyomo ndani yake. Hapo dalili haijibu swali. Yenyewe ndiyo inayolileta. Hapa ndipo elimu ya protini ilipoingia katika mlango wa maadili, ingawa wengi walioingia hawakuona kizingiti.

Mfano ulio wazi kuliko mingine ni ule wa saratani ya ovari, vile viungo vya mwanamke vinavyohifadhi mayai ya uzazi. Maradhi haya ni machache lakini ni makali, na ukali wake watokana na ukimya wake. Ovari zimefichika ndani ya nyonga, na uvimbe waweza kukua pasipo maumivu makubwa. Wanawake ambao ugonjwa wao hugunduliwa ukiwa haujatoka katika ovari, zaidi ya 90 katika kila 100 huwa hai baada ya miaka mitano. Wale ambao ugonjwa wao umekwisha kuenea mbali, idadi hiyo hushuka hadi kiasi cha 30. Na kwa bahati mbaya wagonjwa wengi wamo katika kundi hili la pili. Mtu asomaye hesabu hii asitamani kipimo cha mapema ana moyo wa jiwe.

Mwezi wa Februari 2002 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha habari iliyosisimua watu wengi. Emanuel Petricoin, Lance Liotta na wenzao, katika idara za serikali ya Marekani zinazoshughulika na saratani na usalama wa dawa, walikuwa wamepima seramu za wanawake kwa mashine inayopima uzito wa molekuli. Namna ya kazi yake ni hii. Seramu kidogo huwekwa juu ya bamba lililopakwa kemikali. Protini fulani hunata, nyingine huoshwa. Kisha mwali wa leza hulipiga bamba, na protini zilizonata huruka zikiwa na chaji ya umeme katika bomba lisilo na hewa. Zilizo nyepesi hutangulia na zilizo nzito huja nyuma. Kwa kuupima muda wa safari, mashine huujua uzito, na huchora mstari wenye vilele na mabonde mengi.

Wataalamu hawa waliipa kompyuta michoro ya wanawake 50 wenye saratani na 50 wasio nayo, ijifunze tofauti yao. Kompyuta ilichagua mahali patano katika mstari. Kisha ikapewa michoro mingine 116 ambayo haikupata kuiona. Iliwatambua wagonjwa wote 50, na katika wanawake 66 wasio na saratani iliwatambua 63 kwa usahihi. Watatu tu ndio waliosingiziwa. Kazi iliyowashinda matabibu kwa miaka mingi ilionekana kuwa imefanywa kwa tone moja la seramu.

Jambo moja lilikuwa geni katika ushindi huo. Hapana aliyejua majina ya protini zilizoonekana katika mahali pale patano. Hapana aliyejua zimetoka katika kiungo gani, wala kwa nini saratani iziongeze au izipunguze. Watetezi wa njia hii waliliona hilo kuwa sifa: si lazima kumjua mtu jina ili kuitambua sura yake. Hoja hii ina nguvu zake. Mama hutambua kilio cha mtoto wake usiku bila ya kujua elimu ya sauti. Lakini mama amekisikia kilio kile mara elfu, katika nyumba nyingi na nyakati nyingi, na amekosea na kusahihishwa. Kutambua kusiko na sababu hakuna ulinzi ila huo wa kusahihishwa mara kwa mara. Ukikosekana, mtambuzi hawezi kujua kama ameitambua sura au nguo tu.

Ajali ya namna hiyo ndiyo iliyotokea. Wenye uchunguzi waliiweka michoro yao hadharani kwa kila atakaye kuitazama. Katika mji wa Houston, Keith Baggerly, Jeffrey Morris na Kevin Coombes, mabingwa wa hesabu, waliichukua na kuirudia kazi upya. Mwaka 2004 walionyesha kuwa michoro ya mikusanyiko mbalimbali haikupatana, na kwamba hitilafu baina ya wagonjwa na wazima ilionekana hata katika sehemu za mstari ambazo hazina protini yo yote, sehemu ambazo mashine hutoa makelele yake yenyewe tu. Wengine nao, mwaka 2003, walikuwa wamegundua jambo lilo hilo. Ikiwa makelele ya mashine yaweza kumtenga mgonjwa na mzima, basi kinachotengwa hapo si ugonjwa. Huenda ni siku ya kazi, au taratibu ya kupanga vichupa, au mabadiliko katika mashine. Kompyuta haikusema uwongo. Ilikuwa imeona tofauti ya kweli. Lakini ilikuwa ni tofauti katika maabara, si katika miili ya wanawake.

Seramu yenyewe ni shahidi anayeyumbishwa upesi. Damu inapoganda, vimeng'enya vya mgando hukata protini vipande vipande, na vipande hivyo huchanganyika na vile vilivyotoka mwilini. Kichupa kilichoachwa mezani saa moja na kilichoachwa saa nne hutoa habari mbili. Joto la chumba, aina ya kichupa, miaka ya kukaa katika barafu, yote haya huacha alama. Ikiwa damu ya wagonjwa imekusanywa hospitali moja na damu ya wazima mahali pengine, mashine itaona hospitali mbili, na mwanadamu mwenye hamu atasoma saratani.

Lakini na iwe kwamba makosa haya yote hayakutokea. Na ichukuliwe kuwa kipimo kilikuwa na nguvu ile ile iliyotangazwa: hakikosi mgonjwa hata mmoja, na huwasingizia wazima watano tu katika kila mia. Msikiaji wa haraka atasema kuwa hicho ni kipimo cha ajabu. Hesabu ndogo yatosha kumtuliza. Miongoni mwa wanawake waliokoma hedhi, saratani hii humpata kiasi cha mmoja katika kila 2,500. Wakiitwa wanawake 10,000, wenye ugonjwa ni wanne, na wote wanne watatambuliwa. Waliobaki ni 9,996, na watano katika kila mia yao ni karibu 500. Kwa hiyo kipimo kitawaita wanawake 504 na kuwaambia kuwa wana dalili ya saratani. Wanne watakuwa wameambiwa kweli, na 500 watakuwa wametiwa hofu bure.

Katika uchunguzi wa 2002 jambo hili halikuonekana kwa sababu karibu nusu ya waliopimwa walikuwa wagonjwa. Walioitwa wagonjwa walikuwa 53, na 50 kati yao walikuwa wagonjwa kweli. Hiyo ni 94 katika mia. Katika mji wa kawaida, kipimo kile kile, kwa nguvu ile ile, kingesema kweli kwa mtu mmoja tu katika kila 126. Hapana kilichobadilika katika mashine. Kilichobadilika ni umati uliosimama mbele yake.

Wala hofu si jambo dogo, na hapa haiji peke yake. Uvimbe wa ovari hauthibitishwi kwa kutazamwa ulimi. Mara nyingi tabibu hana budi kupasua tumbo na kukitoa kiungo. Kwa hiyo kila mmoja wa wale 500 atasimama njiapanda: apasuliwe kwa ajili ya ugonjwa asio nao, au aishi na neno lililosemwa ambalo haliwezi kurudi kinywani. Mwanamke huyu hakuomba habari. Alikuja kwa imani, akanyosha mkono wake, na akarudi nyumbani na mzigo ambao watoto wake nao wataubeba.

Pamoja na hayo, mwaka 2004 kampuni iliyokuwa na haki ya programu ya kompyuta ilikuwa imejiandaa kukiingiza kipimo hicho sokoni kwa jina la OvaCheck. Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani iliingilia kati na kudai ushahidi kwanza. Kipimo hakikuuzwa.

Yapasa sasa kusikiliza upande wa pili, maana hukumu iliyotolewa baada ya kumsikia mmoja si hukumu. Mtetezi wa haraka atasema hivi: kila mwaka wa kungoja ni mwaka wa makaburi. Anayedai hakika kamili huidai kwa roho za wengine. Wale wanne katika 10,000 nao ni watu. Wana majina na waume na watoto, na wakiachwa wengi wao watakufa. Je, hofu ya mia tano yaweza kutiwa katika mizani pamoja na uhai wa wanne, na ikawa nzito zaidi? Tena, mtu mzima si mtoto mchanga. Mwili ni wake. Kumficha habari za mwili wake kwa kisingizio kuwa atatishika ni dharau, na dharau haiwi nzuri kwa kuvikwa kanzu ya tabibu.

Hoja hii haifai kupuuzwa, kwani imetoka katika huruma, na huruma ni mama wa uganga. Lakini imejengwa juu ya dhana mbili, na kila moja yataka kupimwa. Dhana ya kwanza ni kwamba kujua mapema ni sawasawa na kuponya. Dhana ya pili ni kwamba kilichofichwa ni habari.

Kuhusu dhana ya kwanza, Waingereza walifanya jaribio kubwa. Baina ya mwaka 2001 na 2005 waliandikisha wanawake zaidi ya 200,000 waliokoma hedhi, wakawagawa kwa kura. Wengine walipimwa kila mwaka protini ya damu iitwayo CA-125, na picha ya mawimbi ya sauti ikafuata palipokuwa na shaka. Wengine walipimwa kwa picha peke yake. Wengine waliachwa katika matibabu ya kawaida. Walifuatwa kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Hapa palikuwa na kura, palikuwa na subira, na kipimo chenyewe kilikuwa bora kuliko vingi. Matokeo ya mwisho yalitangazwa mwaka 2021. Katika kundi lililopimwa protini, saratani nyingi zaidi zilipatikana zikiwa changa. Lakini waliokufa kwa ugonjwa huo hawakupungua. Dalili ilikuwa ya kweli, ilitangulia, na bado haikuokoa. Kwa wengi wao ilirefusha muda wa kujua, haikurefusha muda wa kuishi.

Ni tokeo la uchungu, na thamani yake imo katika uchungu huo. Msemo kuwa kinga ni bora kuliko tiba umezoeleka hata watu hudhani kuwa kila kitangulizi ni kinga. Sivyo. Kinga ni ile inayozuia. Kuona tu, hata kuona kwa mbali, si kuzuia. Mtu aliye juu ya mnara aiona dhoruba kabla ya mvuvi, lakini kama hana njia ya kumrudisha mvuvi pwani, macho yake yamemwongezea huzuni tu. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha Wilson na Jungner chenye kanuni kumi za kuwapima watu wasiojisikia kuumwa. Miongoni mwake ni kwamba pawe na tiba inayokubalika kwa wale watakaopatikana na ugonjwa. Kanuni hiyo yaonekana kuwa ya utawala, na kumbe ni ya maadili: usimgongee mtu mlango usiku wa manane kama huna la kumsaidia.

Dhana ya pili ni nzito zaidi. Ni kweli kuwa mtu mzima ana haki ya kujua habari za mwili wake. Lakini habari ni nini? Mwanamke akiambiwa, "Damu yako ina dalili ya saratani," hajapewa habari. Amepewa nusu ya habari, na nusu iliyokosekana ndiyo yenye maana. Habari kamili ingekuwa hii: "Katika wanawake 126 walioambiwa neno hili, mmoja ndiye mgonjwa." Neno la kwanza na la pili yametoka katika tone moja la damu, lakini la kwanza humfanya mtu aandike wasia, na la pili humfanya aulize maswali. Anayeficha shaka ya dalili huficha ukweli sawa na anayeificha dalili yenyewe. Kwa hiyo mtetezi wa haki ya kujua amesema kweli, ila hakufika mwisho wa kweli yake. Heshima kwa mtu mzima yadai aambiwe dalili pamoja na upungufu wake.

Tena yadai aambiwe kabla ya mkono wake kuchomwa sindano, si baada yake. Baada ya neno kusemwa hapana uhuru wa kutolijua. Kipimo cha protini ya tezi ya kiume, kinachojulikana kwa herufi PSA, kimewafundisha wengi somo hili. Kiliruhusiwa Marekani mwaka 1986 kwa kufuatia hali za wagonjwa, na mwaka 1994 kwa kusaidia kugundua ugonjwa. Wanaume wengi walipasuliwa kwa sababu ya uvimbe ambao usingewaua. Mwaka 2012 jopo la serikali la ushauri wa kinga liliwaambia matabibu waache kuwapima watu hivi hivi. Mwaka 2018 lilisema kuwa kwa wanaume wa miaka 55 hadi 69 shauri hilo ni la mtu mwenyewe, baada ya kuzungumza na tabibu wake juu ya faida na madhara. Ilichukua miaka mingi kufika katika neno ambalo lingefaa kuwa la kwanza: zungumzeni.

Isidhaniwe kuwa lawama hizi zahusu elimu ya protini yenyewe. Mtu akifika hospitali ameshika kifua na jasho lamtoka, tabibu hupima troponini, protini ndogo ambayo humwagika katika damu nyama ya moyo inapokufa. Kipimo hicho huwafaa watu kila siku. Nacho ni dalili tu, na kina makosa yake. Lakini mtu huyo ameuliza kwa maumivu yake, ugonjwa unaoshukiwa si adimu kwa watu wa hali yake, na tiba i karibu. Hata katika saratani ya ovari, mwaka 2009 Idara ile ile ya Marekani iliruhusu kipimo cha protini tano za seramu, si kwa wanawake wazima, bali kwa wale waliokwisha kupatikana na uvimbe na walio karibu kupasuliwa, ili ijulikane kama wapelekwe kwa bingwa wa saratani. Swali lilipunguzwa ukubwa, na jibu likawa na manufaa.

Kwa hiyo wema wa dalili haumo ndani ya dalili pekee. Umo katika swali linaloulizwa, katika mtu anayeulizwa, na katika lile linaloweza kutendwa baada ya jibu. Damu ni shahidi. Mashine ni mkalimani wake. Tabibu ni hakimu. Hakimu mwema hamfukuzi shahidi kwa sababu tu aweza kukosea, wala hamtii mtu hatiani kwa neno la shahidi mmoja aliyefasiriwa na mkalimani asiyejulikana. Humhoji. Humwuliza alikuwa wapi, aliona kwa mwanga gani, na ni mara ngapi ameona hivyo akakosea.

Katika habari hii ya 2002 kuna jambo la heshima ambalo si haki kulisahau. Wale waliokosea ndio waliotoa michoro yao hadharani. Wangaliweza kuificha, na kosa lao lingalidumu kwa sifa. Pengine lingaliuzwa kwa wanawake wengi kabla ya kugunduliwa. Waliwapa wakosoaji wao silaha, na kwa tendo hilo waliwakinga watu wasiowajua. Mtu anayedai kuwa ameona asiloliona mwingine ana wajibu wa kuwaonyesha wengine alipokuwa amesimama, ili nao wasimame pale watazame. Elimu isiyokubali kutazamwa upya hudai imani, na imani hudaiwa na dini, haidaiwi na kipimo cha damu.

Basi swali la kwanza limepata jibu, ingawa si jibu jepesi. Dalili isiyo hakika yaweza kusemwa, na mara nyingine ni lazima isemwe. Lakini anayeisema huwa amejitwika deni. Anadaiwa kuijua hesabu ya makosa yake kabla hajafungua kinywa, kuisema hesabu hiyo pamoja na dalili, kuwa na msaada mkononi au kukiri kuwa hana, na kuwaachia wengine njia ya kumsahihisha. Mzigo wa dalili ya uwongo hauwezi kuachwa juu ya mabega ya aliyenyosha mkono akatoa damu, kwani yeye alitoa kitu cha kweli. Aliyetoa neno ndiye mwenye deni.

Mkulima mwema hatukani mawingu, wala hayaabudu. Hutazama upepo umetoka upande gani, hukumbuka misimu iliyopita, na hujua mbegu zilizomo ghalani ni ngapi na watoto nyumbani ni wangapi. Kisha hupanda sehemu na kubakiza sehemu, na jirani akimwuliza kama mvua itanyesha, humwambia alichokiona na humwambia pia mara ngapi macho yake yamemdanganya.